Mdogo wangu kaporwa Moshi, ndugu wanataka akafanyiwe hipnosisi aikumbuke sura ya mwizi. Nasema asiende, tujadili

Mkaa Pasua (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mdogo wangu wa kike aliporwa jioni akitoka kazini, njia ya kuingia Pasua. Walikuwa wawili kwenye pikipiki. Mmoja alishuka na panga, wakachukua mkoba, simu na pesa ya kikoba aliyokuwa amekabidhiwa na wenzake. Usiku uleule tulikwenda polisi akaandikisha maelezo. Alisema aliyeshuka ni mrefu, mwembamba, amevaa koti jeusi na kofia ya pikipiki, na sura hakuiona vizuri. Ikaandikwa hivyo, akasomewa, akasaini.

Sasa shemeji, mume wake, kapata mtu Arusha anayejitangaza kuwa mtaalamu wa hipnosisi, yaani kumtuliza mtu kwa maneno mpaka awe mwepesi kupokea anachoambiwa. Anadai akimlaza binti kwa muda usiofika saa moja, sura itarudi, na namba ya pikipiki itarudi. Bei yake imechangamka, lakini mimi sigombani na bei.

Ninachokiogopa ni hiki. Mtaani tayari kuna kijana anatajwa, dereva wa bodaboda wa kijiwe cha jirani. Mama mdogo ameshalitamka jina lake mbele ya mdogo wangu si mara moja. Kuna mtu kamwonyesha na picha yake kwenye simu. Binti akienda kulazwa na sura hiyo tayari ikiwa kichwani, sura hiyohiyo ndiyo itakayotoka. Atarudi anaamini kwamba ameikumbuka, atasimama mahakamani aape, na hatakuwa anadanganya. Unyang'anyi wa kutumia silaha hapa kwetu ni miaka 30 jela.

Wengi tunaamini kila jicho linachokiona kimewekwa mahali fulani kichwani, kimefungwa, kinasubiri ufunguo. Sivyo. Tukikumbuka tunajenga upya: vipande tulivyoshika wenyewe, pamoja na tulichosimuliwa baadaye, pamoja na tunachodhani lazima kilikuwepo. Mwaka 1974 kule Marekani, wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Baadhi wakaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Walioulizwa kwa neno kali walitaja mwendo mkubwa zaidi. Baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu vioo vilivyovunjika havikuwepo. Kati ya watu 50 wa neno kali, 16 walisema waliviona, na kati ya 50 wa neno la kawaida ni 7. Hao walikuwa macho kabisa, hakuna aliyewalaza, na neno moja lilitosha.

Sasa ongeza hipnosisi. Mwaka 1983 huko Montreal, Kanada, Jean-Roch Laurence na Campbell Perry walichukua watu 27 ambao hipnosisi huwaingia kwa urahisi. Wakawarudisha kimawazo kwenye usiku mmoja wa wiki iliyopita, kisha wakawapenyezea wazo kwamba usiku ule waliamshwa na makelele. Walipotolewa kwenye hali ile, 13 walisema makelele yale yalitokea kweli.

Karibu nusu, wakuu. Na hilo lilikuwa jambo dogo tu la makelele ya usiku, halina panga wala hasira ya ukoo mzima nyuma yake.

Naomba michango, hasa ya wanaoijua sheria na wa afya. Shemeji anausoma uzi huu, kwa hiyo tumheshimu. Anafanya hivi kwa kumpenda mkewe.

---

Kijana wa Kiborloni

Mkuu pole sana, mpe pole na binti. Ila naomba nipingane nawe kidogo.

Umechagua mifano ya upande mmoja. Kuna tukio la Chowchilla, California, mwaka 1976. Basi la shule lilitekwa, watoto 26 na dereva wao Ed Ray wakafukiwa ardhini ndani ya tela la lori. Walijiokoa wenyewe. Baadaye dereva akafanyiwa hipnosisi, akaitaja namba ya gari la watekaji, akakosea tarakimu moja tu. Hilo nalo tulifanyeje? Kama lilisaidia pale, kwa nini lisisaidie Pasua?

---

Mkaa Pasua

Ahsante mkuu. Tukio hilo ni la kweli, na ndilo lililowafanya polisi wengi wa Marekani kuichangamkia hipnosisi miaka ile.

Lakini angalia alichokumbuka. Namba ya gari unaipeleka kwenye kumbukumbu za usajili na jibu linapatikana siku hiyohiyo: ipo au haipo, ni ya nani. Kumbukumbu ikikosea, karatasi inaikataa. Tena polisi hawakuitegemea peke yake, kwa sababu tela lile lilifukiwa kwenye machimbo ya mawe na mmoja wa watekaji alikuwa mtoto wa mwenye machimbo. Uchunguzi ulikuwa na njia nyingine ya kumfikia.

Sura haina daftari la usajili. Mdogo wangu akisema "ni huyu", utahakiki na nini? Utarudi kumuuliza yeye mwenyewe, na yeye atakuwa na uhakika kuliko siku ya tukio.

Na tukio lililofanikiwa husimuliwa miaka hamsini. Yale ambayo shahidi alilazwa akataja namba isiyokuwepo, hakuna anayeyasimulia.

---

Sista wa Rau

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi na wagonjwa wa afya ya akili hapa Kilimanjaro, na naomba nianze na binti mwenyewe kabla ya mwizi.

Mkaa, mdogo wako analala? Anashtuka usiku? Anaikwepa ile njia? Baada ya tukio la namna hii ni kawaida mwili kuwa hivyo kwa wiki za mwanzo. Ikizidi mwezi na hali haishuki, mpeleke hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, kuna tiba ya mazungumzo inayosaidia kweli. Mnamzungushia swali la sura asubuhi na jioni, na kila akiulizwa anarudishwa palepale kwenye panga. Mwacheni apumue.

Nikija kwenye hipnosisi yenyewe. Si uganga na si uongo. Ni hali ambayo umakini wa mtu unakusanywa mahali pamoja, mengine yanafifia, na anakuwa mwepesi kupokea anachoambiwa. Hajalala usingizi, anasikia, na anaweza kukataa. Watu hawalingani: kama 10 hadi 15 katika kila 100 huingia kwa kina sana, wengine idadi kama hiyo haiwaingii kabisa, waliobaki wako katikati. Madaktari wa Uingereza waliikubali kama sehemu ya tiba mwaka 1955, wa Marekani mwaka 1958. Inasaidia maumivu, hofu kabla ya upasuaji, maumivu ya mgonjwa wa moto wakati wa kusafishwa vidonda. Huko Manchester, Peter Whorwell na wenzake waliitumia mwaka 1984 kwa wagonjwa wa tumbo linalosokota bila kidonda, wakapata nafuu kubwa.

Sasa tazama, kinachoifanya iwe dawa ya maumivu ndicho kinachoiharibu kwenye ushahidi. Mgonjwa anapokea wazo kwamba mkono umekuwa mzito na baridi, na maumivu yanapungua. Shahidi naye anapokea wazo kwamba anaona sura. Ubongo wake haupewi nguvu mpya ya kukumbuka. Kinachoshuka ni ile tahadhari ya kusema "sina hakika". Kitu ambacho jana angekiita dhana, leo anakiona kwa rangi zake zote na anakiita kumbukumbu.

Jingine, na hili mlisikie vizuri: mtu akitishwa na silaha, macho yake huenda kwenye silaha. Nimewahudumia wengi waliojeruhiwa. Anakueleza panga lilivyokuwa na kutu, mpini umefungwa mpira, lakini ukimuuliza sura anakutazama tu. Si kwamba sura imejificha. Haikuingia. Pale kulikuwa na giza, na mtu kavaa kofia. Kitu ambacho hakikuingia hakuna anayeweza kukitoa, awe daktari au awe huyo bwana wa Arusha.

---

Mama Ndizi Mbuyuni

Dada Sista, nakuuliza kwa nia njema. Hapa stendi Moshi na kule Arusha kuna watu wanakusimamisha, wanakuuliza njia, unajikuta umewapa simu na pesa na hujui ulivyowapa. Watu wanasema umepulizwa. Hiyo siyo hiyo hipnosisi?

---

Sista wa Rau

Mama yangu, hipnosisi inataka utulivu na mtu anayekubali kufuata. Pale stendi kelele na haraka. Wanaokuibia hukuchanganya, mmoja anauliza, mwingine anadai ameokota hela, wa tatu anajifanya mtu wa Mungu, na akili haipati nafasi ya kupima. Ukitulia nyumbani unashindwa kuunganisha vipande, maana umakini wako ulivutwa huku na huku.

Ila ukiwa umekula au kunywa kitu ulichopewa, hilo ni jambo jingine. Kuna dawa za usingizi zinazozuia kumbukumbu isijengwe kabisa. Mtu anatembea, anaongea, anatoa namba ya siri, na kesho hana kitu. Ukihisi hivyo kimbia hospitali mapema, mwombe daktari apime mkojo na damu, kwa sababu dawa hizo hazikai mwilini muda mrefu.

---

Wakili wa Sanawari

Nimeusoma uzi wote. Niongee kama mtu anayesimama mahakamani Arusha na Moshi.

Kwanza, hata shahidi aliyeona kwa macho yake, bila kulazwa na mtu, mahakama zetu zinamwogopa. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ilisema utambuzi wa kuona kwa macho ni ushahidi dhaifu kuliko aina zote na usioaminika sana, na mahakama isiutegemee mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Yanayoangaliwa yanajulikana: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, mchana au usiku, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa na nguvu gani, na kama alikuwa anamfahamu kabla. Chukueni tukio la Pasua mlipime kwa vigezo hivyo. Jioni, kofia ya pikipiki, mtu asiyejulikana, tukio la kufumba na kufumbua.

Pili, mwaka 2002 katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, mahakama hiyohiyo ilisema shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni jambo linalompa uaminifu. Kuchelewa bila maelezo humtia shaka. Sasa binti alisaini kwamba sura hakuiona. Akija baadaye na sura kamili, wakili wa utetezi atamuuliza kwenye maswali ya dodoso: ulikuwa wapi katikati ya maelezo haya mawili? Akisema alikwenda Arusha akalazwa, mimi ningekuwa upande wa utetezi nisingehitaji swali lingine. Akificha, ameongopa chini ya kiapo. Kwa hiyo hata kama kijana yule ndiye aliyepora, mtakuwa mmemwachia huru wenyewe.

Na kama siye, ni miaka 30 ya mtu asiye na hatia, kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu. Shemeji, nakuomba uitazame hiyo namba.

Wenzetu wamepita njia hii kabla. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey, Marekani, iliweka masharti: mtaalamu awe amesomea, asiwe mtu wa polisi, kila kitu kirekodiwe, shahidi aeleze kwanza anachokumbuka kabla ya kulazwa. Walijitahidi kweli. Mwaka 2006 mahakama hiyohiyo ikaachana na utaratibu huo na kukataa ushahidi wa shahidi aliyechokonolewa kumbukumbu kwa hipnosisi. Texas, ambako polisi waliitumia kwa miongo kadhaa, ilipitisha sheria ya kuukataa mwaka 2023. Anayeachwa nje ya katazo hilo ni mshtakiwa mwenyewe: mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Rock dhidi ya Arkansas, ilisema jimbo haliwezi kumfungia kabisa mshtakiwa asijitetee kwa sababu tu aliwahi kufanyiwa hipnosisi. Hiyo ni haki ya kujitetea. Hapa kwetu tunaongelea shahidi wa kumtia mtu hatiani.

---

Baba Wawili Njiro

Wakili, na kama huyo mtaalamu atauliza maswali ya wazi tu? Asitaje jina, asionyeshe picha, arekodi video mwanzo mwisho. Bado kuna ubaya?

---

Mkaa Pasua

Baba Wawili, swali lako ndilo shemeji aliloniuliza jana, kwa hiyo nijibu kwa urefu kidogo.

Kinachoharibu si maswali peke yake. Mtu anayepanda gari mpaka Arusha, analipa, analala kwenye kiti akiambiwa "sasa utakumbuka", tayari amepewa wazo kubwa kuliko yote: kwamba kuna kitu cha kukumbuka. Hatarudi mikono mitupu. Na kichwani ana jina na picha alizopewa nyumbani, ambazo video haitazionyesha.

Chama cha madaktari wa Marekani kilikaa kikapitia tafiti mwaka 1985. Walichokuta ni kwamba kumbukumbu zinazopatikana kwa hipnosisi huja na mambo ya kubuni ndani yake, na kwa ujumla hazina usahihi kuzidi zile za kawaida. Mtu husema mengi zaidi, ya kweli na ya uongo yamechanganyika, na yeye mwenyewe hawezi kuyatenganisha. Na hakika yake mara nyingi hupanda hata pale usahihi usipopanda.

Si jambo la jana. Miaka ya 1880 daktari Hippolyte Bernheim wa Nancy, Ufaransa, alimpandikizia mwanamke mmoja kumbukumbu ya uhalifu mzito ambao haukutokea. Baada ya siku chache mwanasheria akamhoji, na yule mama akausimulia wote kama shahidi aliyeona, yuko tayari kuapa. Bernheim aliyafanya hayo makusudi ili kuwaonya mahakimu. Miaka zaidi ya mia imepita na sisi tunataka kumkabidhi mdogo wetu kwa mtu anayejitangaza mtandaoni.

Ninaumia kusema hivi kwa sababu nami ninamtaka aliyefanya hivi akamatwe. Ninamtaka sana. Lakini ninamtaka yeye, si yeyote aliye mrefu na mwembamba mwenye pikipiki. Pasua nzima imejaa vijana wa namna hiyo, na mmoja wao ni mtoto wa jirani yetu.

---

Binti Marangu

Poleni. Mimi nina swali tofauti. Kama haiwezi kumkumbusha, je inaweza kumsahaulisha? Mimi niliwahi kupatwa na jambo linalofanana na hilo na ningetoa chochote lifutike.

---

Sista wa Rau

Pole sana mdogo wangu.

Kufuta, hapana. Kuna kipimo cha hipnosisi kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1959 ambacho kipengele chake kimojawapo ni hicho: mtu anaambiwa atasahau yaliyofanyika mpaka apewe ishara. Wanaoingia kwa kina husahau kweli kwa muda huo. Ishara ikitolewa, mengi yanarudi. Maana yake yalikuwepo muda wote, yalizibwa tu njia.

Linalowezekana ni kumbukumbu kubaki na makali yake kupungua, ukaweza kuisimulia bila moyo kwenda mbio. Hilo linafanyika kwa tiba, taratibu, na mtu aliyesomea. Nitumie ujumbe binafsi nikuelekeze pa kuanzia.

---

Mwalimu Tengeru

Mkaa, umesema asiende, sawa. Sasa afanye nini? Maana familia ukiiambia "hapana" bila kuipa kazi nyingine, itampeleka tu.

---

Mkaa Pasua

Kweli mwalimu. Tangu miaka ya 1980 Ronald Fisher na Edward Geiselman wa Marekani walitengeneza namna ya kumhoji shahidi bila hipnosisi, na polisi wa nchi kadhaa wanaitumia. Nimechukua kwao yale ambayo hata nyumbani hayadhuru.

Akae mwenyewe, akiwa ametulia, arudi kimawazo kwenye mazingira: alikuwa ametoka wapi, hewa ilikuwaje, alibeba nini, alikuwa anawaza nini kabla pikipiki haijasimama. Kisha aandike yote, hata anayoyaona hayana maana, bila mtu kumkatiza wala kumuuliza "alikuwa na kovu?" Asipojua aandike hajui. Asikisie. Na akichoka aache.

Leo asubuhi nimeongea na mama mdogo. Amekubali jina la yule kijana lisitajwe tena mbele ya binti, na aliyeonyesha picha ameambiwa akae nayo. Shemeji hajasema ndiyo, ila safari ya Arusha ameiahirisha. Simu iliyoibiwa tunayo namba ya IMEI, ile ya kuitambulisha simu yenyewe, kwenye boksi, tunaipeleka kwa mpelelezi. Hicho ni kitu kinachoweza kuhakikiwa.

Wakili, swali langu la mwisho: akiandika na kikatokea kitu kipya ambacho hakikuwa kwenye maelezo ya kwanza, tunakifikishaje bila kumharibia?

---

Wakili wa Sanawari

Aende mwenyewe kwa mpelelezi wa kesi, aombe kuandika maelezo ya nyongeza, yawekwe tarehe na asaini. Maelezo ya kwanza yasiguswe. Aeleze amekumbuka lini, akiwa anafanya nini, na aseme wazi kwamba jina la kijana alilisikia nyumbani na picha alionyeshwa, na na nani. Hilo la picha asilifiche hata kidogo. Likiitishwa gwaride la utambulisho, yaani watu kupangwa mstari shahidi aonyeshe anayemtambua, na kijana yule akawemo, mpelelezi anatakiwa ajue mapema kwamba binti ameshaiona sura yake kwenye simu.

Ile karatasi aliyoandika kwa mkono aitunze, msiinakili upya iwe safi. Na namba ya IMEI ipelekeni leo.